Choo cha Mama Mkwe Mtaani Mihogoni

Ukifika Busia upande wa Uganda, ukaacha barabara ya forodha na kukata nyuma ya soko, utaingia mtaa uliobanana hata mbuzi akitaka kugeuka lazima apige hodi. Mtaa huo ni Mihogoni. Vijana wanaozaliwa pale siku hizi wanadhani ulijengwa na serikali, kwa kuwa una nguzo za umeme na msikiti na kanisa na shule. Serikali haikuweka hata tofali moja. Mihogoni ilijengwa na watu waliokosa pa kwenda, na katika watu hao mimi ni wa mbele. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu wengi walioona wamekufa, na katika waliobaki wako waongo.

Shule nilifika darasa la tatu tu. Baba alipokufa huko Buteba, wajomba walichana daftari langu wakasokotea tumbaku, nami nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Lakini kichwa nilikuwa nacho. Nilikuja Busia kijana mwembamba na baiskeli ya kuazima, nikaanza kubeba watu kati ya forodha ya Uganda na forodha ya Kenya. Pale katikati palikuwa na jua la kukaanga mtu, na mama mwenye furushi kichwani hakuweza kupavuka akabaki na heshima yake. Mimi nilifunga mto wa sufi nyuma ya baiskeli, nikaushonea kitambaa chekundu, nikawa naita boda, boda. Anayesema kazi ile ilianzishwa na mtu mwingine, alete mto wake tuuone.

Wakati ule mji wenyewe ulikuwa mstari mmoja wa maduka ya Wahindi, na sisi wadogo tulipanga vibanda vya uani nyuma yao. Serikali ya wanajeshi ilipowafukuza Wahindi, maduka wakapewa watu wenye bunduki na ndugu zao, na watu wenye bunduki hawapendi wapangaji wanaoona kinachoingia na kinachotoka. Tukaambiwa tuwe tumeondoka kabla jua halijazama. Mimi na mke wangu tulitoka na godoro kichwani, tukaingia shamba la mihogo nyuma ya soko. Wengine wakatufuata.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja Msamia. Asubuhi tukamwona anakuja na panga mkononi, na kila mtu akaanza kufungasha upya. Mzee alipita akakata fito kwenye kichaka chake, akaziangusha mbele ya mke wangu, akarudi kukata nyingine. Baadaye alitugawia vipande, kila mtu akalipa alichokuwa nacho. Mimi nilitoa redio yangu na blanketi, mwingine kondoo. Mpaka wa kila kipande aliuotesha yule mmea wa majani marefu usiokufa hata ukiuchoma moto, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Mpaka leo majani yale yanasimama pale nilipoonyeshwa. Mungu amlaze mzee yule pema, maana hakuna aliyemlazimisha.

Basi mihogo ikapungua, nyumba zikaongezeka. Jirani yangu wa kulia alikuwa Haji, mwenye lori la kubeba pamba na samaki, mtu wa ukoo wa Kiislamu ambao babu alitoka kusikojulikana na bibi alitoka kila mahali. Mkewe tulimwita Hajati ingawa hakuwa amehiji. Alisema jina lile linamtosha mpaka nauli ipatikane. Wa kushoto alikuwa fundi cherehani aliyekimbia Tororo, mtu mwoga, lakini suruali yake ukiivaa unakuwa karani. Nyuma yetu alikaa mama mmoja wa Mella, mjane, aliyepika pombe ya ulezi, ile inayonywewa kwa mirija mirefu mkizunguka chungu. Waislamu hawakunywa, lakini Haji alikuja kukaa pale jioni kwa ajili ya habari, akashika mrija mkavu mkononi ili asionekane mgeni.

Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni tulikata kipande kwa uzi tukagawana. Karibu kila nyumba ilivusha kitu, na neno magendo halikuwa tusi. Lilikuwa jina la kazi, kama ualimu. Hakuna aliyekuwa na ndugu karibu, kwa hiyo tulifanyana ndugu. Hajati akipata chumvi, mke wangu anapata chumvi. Mimi nikipata mafuta ya taa, taa ya fundi inawaka. Kiswahili chetu kilikuwa kimeshonwa viraka vya Kisamia, Kiteso na Kijopadhola, na kilitosha kwa mapenzi na kwa ugomvi.

Lakini hofu ilikuwepo. Alikuwako mtu mmoja mwisho wa mtaa, muuza ngozi. Wanajeshi walikuta shimo jipya nyuma ya nyumba yake, na ndani ya shimo magunia ya kahawa ya kuvusha Kenya. Walimpakia kwenye gari na kofia yake kichwani. Hakurudi. Tangu siku ile, mtu wa Mihogoni akiona udongo mbichi anapita upande wa pili.

Ndipo amri ikaja, na amri yenyewe ilikuwa ya kuchimba. Chifu wa gombolola, yaani kata yetu, alikuja na mwanajeshi mrefu mwenye alama za chale usoni, akatangaza kwamba serikali inataka usafi. Kila nyumba iwe na choo chake. Nyumba isiyo na choo itavunjwa, na mwenyewe atakwenda kuelezea kambini. Na mtu atakayekutwa akijisaidia vichakani atachapwa mbele ya watu. Ukweli ni kwamba amri ile, pamoja na ukali wake, ilituokoa na kipindupindu. Hata leo nasema asante, ingawa sijui nimwambie nani.

Watu walichimba, wakaweka magogo na udongo juu. Mimi nikasema hapana, mimi nitajenga choo cha mjini. Slabu ya zege, kuta za matofali ya kuchoma, mlango wa bati, bomba la kutoa harufu. Taabu ilikuwa saruji. Kiwanda cha saruji kiko Tororo, ukipita pale vumbi lake unakwenda nalo nyumbani kwenye nywele, lakini mfuko wenyewe raia hapewi. Mimi nilipata kwa njia zangu. Nikaubeba kwa baiskeli kutoka Tororo mpaka Busia, na juu yake, ndani ya gunia, nikatandaza unga wa muhogo, mzito kiasi cha kiganja. Penye kizuizi mwanajeshi alizamisha mkono, akatoka na unga, akauonja, akasema muhogo huu mzuri, akajaza kofia yake. Nikamwambia aongeze. Moyoni nilikuwa naomba asiongeze sana.

Choo kilipokamilika, mtaa mzima ulikuja kukitazama. Chifu alikuja kukagua akaingia mwenyewe, akafunga mlango, akakaa. Alipotoka akawaambia watu wote waige mfano. Basi nikawa fundi wa vyoo vya Mihogoni. Haji alinichukua wa kwanza, kisha fundi cherehani, kisha mama wa Mella, kisha wengine mpaka barabarani. Saruji nilijua inapatikana wapi. Tatizo lilikuwa moja: watu waliogopa slabu. Magogo wanayajua, lakini jiwe lililotengenezwa na mtu, lililolala juu ya shimo refu, nani akalisimamie kwanza? Nikaweka desturi. Kila choo nilichojenga nilikizindua mimi mwenyewe. Mwenye nyumba na watoto wake wanasimama nje, mimi naingia, nakitumia, natoka mzima, watu wanapiga makofi. Hakukuwa na choo cha slabu Mihogoni ambacho sikukizindua. Nilikuwa natembea mtaani kifua mbele.

Sasa mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mikubwa. Mimba mbili za kwanza zilifika wakati wake, watoto wakazaliwa wamekwisha. Tuliwazika kule Buteba, na mwanamke yule alikaa muda mrefu hasemi. Hospitali ya Tororo madaktari walikuwa wamekimbia, dawa hakuna. Kuvuka Kenya kulitegemea siku hiyo mpaka umeamkaje. Lakini mama yake, kule Mulanda, alikuwa mkunga ambaye nusu ya kata ilipita mikononi mwake, hata watoto waliotanguliza miguu. Mke wangu akaniambia kwamba safari hii bila mama yake hatazaa, atakufa tu. Hakulia. Aliongea kama mtu anayesoma tangazo.

Haji alimleta mama mkwe kwa lori, kiti cha mbele. Kwetu sisi, Wateso na Wajopadhola, mkwe si mtu wa kuchezea. Mama wa mke wako humtazami usoni. Humpi mkono. Huli naye, hulali naye chini ya paa moja, na akitaka kukuambia neno anamwambia mtu mwingine wewe ukiwa unasikia. Hayo yote nilikuwa nimeyapanga: atalala chumbani kwa mama wa Mella, atakula na wanawake, mimi nitapitia mlango wa nyuma. Haji alikuwa anatucheka. Kwao Waislamu mama mkwe ni kama mama mzazi. Alisema wa kwake alikuwa anamkanda mgongo. Nikamwambia akamkande huko huko.

Kitu kimoja sikukipanga, na sikukipanga kwa sababu kijijini hakihitaji kupangwa. Mama mkwe hawezi kuingia choo anachoingia mkwewe. Haiwezekani. Ni kama kumvua nguo. Kijijini kuna uwanja, kuna kichaka, mtu anachimbiwa chake upande wake na hakuna anayetaja. Mihogoni kichaka kilikuwa kimekwisha, na cha mwisho kilichobaki kilikuwa na fimbo ya chifu.

Siku ya kwanza hatukugundua. Siku ya pili mama wa Mella aliniita pembeni akasema mgeni hali chakula. Anamega tonge, analishika, analirudisha. Maji anaramba tu. Mama wa Mella alimwonyesha choo chake mwenyewe, naye mgeni akamuuliza swali moja: nani alikijenga. Na mama wa watu, kwa nia njema kabisa, akamweleza habari zangu zote, na makofi yaliyopigwa.

Wakampeleka kwa Hajati. Hajati akafungua mlango, akaweka na birika la maji. Mama mkwe akauliza vilevile. Kwa fundi cherehani, vilevile. Wanawake walimzungusha mtaa mzima, na kila mlango jibu lilikuwa ni mimi. Nadhani hakuna mtu Busia aliyewahi kusifiwa namna ile, tena na watu waliotamani kusema uongo na hawakuweza, kwa kuwa alikuwa anawatazama machoni.

Jioni nilikuwa nafunga mnyororo wa baiskeli nyuma ya ukuta wa jiko nikasikia sauti yake. Alikuwa ndani na mke wangu, na alijua niko pale.

"Mwambie mtu wa hapa," akasema, "kwamba nimeona nyumba yake, ni nzuri. Mtaa wake ni mzuri. Watu wake nimewapenda. Kesho narudi Mulanda."

Mke wangu akasema, "Mama, mimi je?"

"Nitakusubiri nyumbani."

"Nitapanda lori na tumbo hili? Barabara ile ya mashimo?"

"Mwambie," mama mkwe akarudia, na safari hii sauti ilishuka, "kwamba mimi si mtu wa kiburi. Mtu hawezi kukaa bila kula, na akila hawezi kukaa."

Nilibaki na mnyororo mkononi. Kwenye kiwanja changu hapakuwa na nafasi ya shimo jingine: kulia ukuta wa Haji, kushoto kisima, mbele njia, nyuma nyumba ya mama wa Mella. Nikaenda kwa Haji nikamweleza. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikwenda uani kwake akasimama mbele ya banda la kuku, banda la mbao ambalo Hajati alilipenda kuliko lori, akalipiga teke la kupima.

"Hili linaondoka," akasema. "Tunachimba hapa. Lakini wewe, jirani, unakaa mbali. Hushiki jembe, hushiki gogo, huchungulii."

Nikasema angalau niwaelekeze.

"Hata mdomo wako usikanyage hapa," akasema Haji. "Ndio uliotufikisha hapa."

Kesho yake asubuhi mtaa ulikuja na majembe. Nawashukuru mpaka leo, na nataka ieleweke walikuwa wanafanya nini. Shimo jipya, watu wengi, mchana, katika mtaa ambao mtu alichukuliwa kwa ajili ya shimo. Fundi cherehani, yule mwoga, ndiye aliyeshuka wa kwanza. Mama wa Mella alivuta ndoo. Hajati alikuwa anabeba kuku mmoja mmoja kuwahamishia jikoni, huku akiwaomba radhi. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, anasimamia, mgongo wake kwangu. Mimi nilisimama ng'ambo ya njia, chini ya paa la mtu, nimegeukia ukuta. Nilikuwa nasikia wanavyopanga magogo, wanayalaza upande usiofaa, jembe linagonga pasipotakiwa. Mimi, fundi wa vyoo vyote vya Mihogoni, nimegeukia ukuta kama mtoto aliyekosa.

Majembe yakanyamaza ghafla. Nikageuka.

Yule mwanajeshi mrefu wa chale alikuwa amesimama uani kwa Haji, na mwenzake nyuma. Watu wote walikuwa wamekaa chini.

"Shimo hii ya nini?" akauliza.

Haji akasema ni choo, afande.

"Choo iko pale. Na pale. Mtu moja natumia choo ngapi?" Akazunguka, akaona udongo mbichi, akaona wengi walivyojaa. "Nyinyi nafikiri mimi sijui shimo. Nani mwenyewe?"

Haji akasema kiwanja ni chake, shimo ni la jirani. Jirani yupi? Macho yote yakanitazama mimi, mtu aliyesimama peke yake ng'ambo ya njia, karibu na ukuta. Hata mimi ningekuwa mwanajeshi ningenishuku.

"Wewe," akasema. "Mbona nasimama mbali? Kuja."

Nikaenda. Miguu ilikwenda, mimi nilikuja baadaye. Akanionyesha shimo kwa mtutu wa bunduki.

"Ingia ndani. Chimba. Onyesha mimi kitu nafichwa."

Nilisimama ukingoni. Nikiingia, choo kimeharibika. Jioni ile mama mkwe yuko barabara ya Mulanda, na mke wangu anazaa peke yake, na tunajua yaliyotokea mara mbili. Nisipoingia, yule pale ana bunduki na hana haja ya kuniuliza mara ya pili. Mimi ambaye sikukosa neno kwenye kizuizi chochote kati ya Tororo na Busia, siku ile ulimi ulilala. Nikainua mguu.

"Asiingie."

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama kwenye mkeka. Alikuja taratibu, akapita kati yangu na yule mwanajeshi, mgongo wake kwangu, uso wake kwake, akasimama karibu sana na mtutu.

"Mama, toka," akasema mwanajeshi.

"Shimo ni langu," akasema. "Huyu nyuma yangu ameoa binti yangu. Vyoo vyote unavyoviona hapa ameingia yeye. Hiki hajaingia. Akitia mguu, mimi naondoka leo, na binti yangu yuko ndani pale, tumbo limeshuka. Amezika watoto wawili."

Mwanajeshi akatazama mlango wa nyumba yangu.

"Umeoa, mwanangu?"

"Nimeoa."

"Mama wa mke wako yuko hai?"

"Iko. Nyumbani."

"Anatumia choo chako?"

Nilikuwa namwona mwanajeshi usoni, juu ya bega la mama mkwe. Alitoka mbali, kaskazini kabisa, na lugha yake hakuna aliyeijua pale. Lakini niliona swali linafika. Akatazama chini, akaona buti lake moja liko juu ya gogo la shimo. Akalitoa kama mtu aliyekanyaga makaa.

"Mama, mimi sijaingia," akasema. "Nimesimama tu."

"Nimeona," akasema mama mkwe.

"Mguu moja tu. Nje."

"Nimeona, mwanangu. Hakuna neno."

Mwenzake alianza kucheka, yule wa chale akamkatisha kwa jicho. Kazi lazima ifanyike, kwa hiyo akaamuru mwanamke ashuke badala yangu. Mama wa Mella akapandisha gauni, akashuka na jembe, akachimbua sakafu ya shimo pembe zote, akawa anarusha madongo juu mpaka mengine yakaangukia buti za serikali. Kahawa haikuwepo. Mwanajeshi akatikisa kichwa, akaniinulia kidole.

"Maliza haraka," akawaambia watu. "Na huyu mtu asikaribie. Asiguse. Hiyo ni amri."

Kwa hiyo mimi nina amri ya jeshi la Uganda ya kutokaribia choo kile, na sijapata kusikia kwamba imefutwa. Walipoondoka, Haji alikaa chini palepale penye banda la kuku akacheka mpaka machozi. Fundi cherehani alikwenda pembeni akatapika, kisha akarudi akashika jembe. Jioni choo kilikuwa tayari, cha magogo na udongo na mlango wa gunia, na ingawa nilikuwa nimegeukia ukuta, nilisikia mama mkwe anamwuliza Hajati kama chakula kimebaki. Sijapata kusikia maneno matamu kama yale.

Uchungu ulimshika mke wangu siku chache baadaye, baada ya chai ya asubuhi, kama nakumbuka vizuri, ingawa chai ilikuwa maji na majani bila kitu kingine. Hajati alichemsha maji. Mama wa Mella alizima moto wa pombe yake, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya msiba. Mimi na Haji tulikaa kwenye ngazi ya lori. Mtoto alitanguliza miguu. Tulijua kwa sababu sauti za ndani zilibadilika, na Haji akaacha kuniongelesha, akawa anavuta tasbihi. Nilimsikia mama mkwe anamwambia binti yake asisukume, asisukume, ngoja, kama mtu anayemwelekeza dereva kurudi nyuma. Muda mrefu. Nilitazama mabati ya mtaa mzima, yangu na ya wengine, nikaona sitaki hata bati moja kama mle ndani watatoka wamenyamaza.

Kisha mtoto akalia. Si kilio cha kuomba. Kilikuwa cha ugomvi. Mtu wa kwangu kabisa.

Sauti ya mama mkwe ikapita kwenye ukuta. "Mwambieni mtu wa hapa ana binti. Na mama yake ni mzima."

Haji akanishika shingo akanitikisa. Mimi, ambaye nina neno kwa kila jambo, nilisema asante, nikasema tena, nikaendelea kusema hata mama wa Mella alipotoka na kuniambia inatosha.

Mama mkwe alikaa mpaka mtoto akakaza shingo. Alipoondoka alimkabidhi Hajati ufunguo, kwa maana mlango wa gunia ulikuwa umebadilishwa ukawa wa mbao wenye kufuli. Na tangu hapo choo kile kikawa cha wakwe wa mtaa. Mkwe wa fundi cherehani alikuja kutoka Tororo akakaa msimu mzima. Wakaja wengine kutoka Mella na kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Waliojenga baadaye, kule mihogo ilikokuwa bado, waliiga: majirani wanakubaliana kabla ya kuchimba msingi, kila kundi la nyumba na choo chake cha wageni, fundi wake awe mtu wa mbali. Mtu akawa anaweza kuzaliwa Mihogoni, kuuguzwa Mihogoni, kupokea wazee wake Mihogoni. Kabla ya hapo tulikuwa tunalala tu pale.

Mama mkwe amefariki, na nilimzika kwa ng'ombe wawili, watu wa Mulanda watakuambia. Binti yangu sasa ana watoto wake. Wote waliomjua mama yule wanasema binti amechukua uso wake, macho, pua, hata namna ya kukaza mdomo kabla ya kusema neno. Mimi nawaitikia tu. Namtazama mtoto wangu, tena namtazama muda mrefu, na ndivyo nilivyopata kumjua mama mkwe alifananaje.